Usiku 572: hesabu ya korona ambayo Kaloleni haikusomewa

Kafyu ilianza Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni. Iliondolewa Jumatano ya tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta alipoutangazia umma kutoka Kirinyaga. Chukua kalenda ya ukutani, ile ya kupewa bure dukani mwisho wa mwaka, uhesabu: usiku 572. Ndani yake mna Ijumaa 82 na Jumamosi 82.

Siku zile tulizoea hesabu nyingine. Alasiri baada ya alasiri Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, au mmoja wa wasaidizi wake, alisimama mbele ya kamera akasoma waliopimwa, waliopatikana na virusi, waliopona, waliofariki. Ilikuwa hesabu ya lazima na sina ugomvi nayo. Vifo vilivyorekodiwa nchini vinakaribia 5,700, na kila kimoja kilikuwa na matanga yake. Lakini mtaa kama Kaloleni ulikuwa na hesabu ya pili, na hiyo haikusomwa kwenye runinga. Nataka kuipiga hapa, kwa kalamu na karatasi. Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya gharama ya tahadhari zile ilibebwa na watu wanaokula kwa usiku na kwa umati, na kwamba walichorudishiwa hakikutosha hata nauli.

Kaloleni iko Nairobi, kando ya Barabara ya Jogoo, nyuma ya uwanja tuliouita City Stadium hadi 2019, ulipopewa jina la Joe Kadenge. Ni mtaa wa miaka ya 1940: nyumba kama 600 za mawe zenye paa za vigae, zilizojengwa kwa nguvu za wafungwa wa vita wa Kitaliano, zimepangwa kuzunguka ukumbi wa jamii. Wazee wa mtaa huuita ukumbi huo bunge la kwanza la Waafrika, maana wanasiasa wa kupigania uhuru, akina Tom Mboya, walikutania humo. Mwanaanthropolojia Constance Smith aliuandikia mtaa huu kitabu kizima, *Nairobi in the Making*, kilichotoka 2019, mwaka mmoja tu kabla ya korona.

Kila nyumba ilikusudiwa familia moja. Ukipita leo utakuta vyumba vya mabati vimeegemea ukuta wa mawe, kimoja cha mpangaji, kingine cha kijana wa nyumba aliyeoa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 189,536 katika Makadara, eneo ambalo Kaloleni imo, zaidi ya 16,000 kwa kila kilomita mraba. Hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya wastani wa Nairobi. Tulipoambiwa tukae mita moja unusu mbali na mwenzetu, chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi kilikuwa tayari na kitanda, meza, jiko na mitungi ya maji. Kilichobaki kilikuwa nafasi ya kupishana, na kwa adabu.

Mwanzoni mtaa haukuuona ugonjwa kuwa wake. "Korona ni ya wenye ndege," ndivyo watu walivyosema, na ushahidi walikuwa nao: mgonjwa wa kwanza aliyetangazwa tarehe 13 Machi alikuwa ametoka Marekani kupitia London. Ila masharti hayakuwafuata wenye ndege. Yalimfuata anayepanda matatu.

Turudi kwenye Ijumaa zile 82 na Jumamosi 82.

Chukua bendi ya watu sita, ya benga au ohangla, inayopiga katika baa za Jogoo kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Tuseme baa inailipa 12,000 kwa usiku. Hiyo ni takwimu yangu ya kukisia. Ibadilishe ukijua bora. Toa 3,000 za kukodi spika na kuzibeba, zibaki 9,000, kila mmoja 1,500. Kwa usiku mbili za wikendi ni 3,000, yaani kama 13,000 kwa mwezi. Si mshahara wa kujivunia, lakini Nairobi unalipa kodi ya chumba, karo na unga.

Sasa zidisha. Usiku 164 za wikendi kwa 12,000 ni 1,968,000. Bendi moja ndogo, karibu milioni mbili.

Msomaji makini atanipinga hapa, na atakuwa na haki: baa zilifungwa 22 Machi 2020, lakini ziliruhusiwa tena mwisho wa Septemba mwaka huo, kafyu iliposogezwa hadi saa tano usiku, kwa hiyo bendi ziliweza kupiga jioni. Sawa. Tuhesabu miezi ya kufungwa kabisa peke yake. Kuanzia siku kafyu ilipoanza hadi wikendi ya mwisho kabla ya baa kufunguliwa ni wikendi 27, usiku 54. Mara 12,000, ni 648,000. Hata kwa hesabu hii ya huruma, kila mpigaji amekosa 81,000.

Upande wa pili wa mizani, tarehe 6 Aprili 2020, katika hotuba ile ile iliyofunga mipaka ya Nairobi, Rais aliagiza shilingi milioni 100 zitoke katika Hazina ya Michezo ziwaendee wasanii, waigizaji na wanamuziki. Milioni 100 ni neno tamu likitamkwa na kiongozi. Zigawanye kwa 648,000 upate bendi 154. Kwa nchi nzima yenye kaunti 47, hizo ni bendi tatu na kidogo kwa kila kaunti, kabla hujampa shilingi mwigizaji, mchoraji, mcheza ngoma, didijei wala fundi wa mitambo anayelala juu ya nyaya zake. Ukichukua ile hesabu ndefu ya 1,968,000, fedha zote zinaishia kwa bendi ya 50.

Linganisha na Kazi Mtaani, mpango wa kuwapa vijana vibarua vya kufagia, kuzibua mitaro na kufyeka nyasi. Awamu ya pili, iliyoanza Julai 2020, ilitengewa bilioni 10 na kulenga vijana zaidi ya 270,000. Malipo yalikuwa 455 kwa siku, kwa siku 11 za mwezi, yaani 5,005. Kwa kila shilingi 100 zilizotengewa ufagio, sanaa ilitengewa moja. Na mpiga gitaa aliyeuchukua ufagio, akiwa na bahati ya kuandikishwa, alipata chini ya nusu ya alichokuwa akikipata kwa nyuzi. Siudharau ufagio; mitaro ya mitaa yetu ilikuwa haijawahi kuwa safi namna ile. Nasema tu kwamba mtu aliyefunza vidole vyake miaka kumi alipewa kazi isiyovihitaji.

Kulikuwa pia na shilingi 1,000 kwa wiki zilizotumwa kwa simu kwa kaya maskini. Human Rights Watch iliripoti mwaka 2021 kuwa zilizifikia kaya kama 29,000 kati ya 600,000 za mitaa ya mabanda ya Nairobi, chini ya tano katika kila mia. Kaloleni kwenye karatasi si mtaa wa mabanda. Ni mali ya kaunti, yenye nyumba za mawe na ukumbi wa kihistoria, na mabati yaliyo nyuma ya mawe hayaonekani kwenye karatasi.

Gharama moja siiweki kwenye hesabu hii. Usiku wa nne wa kafyu, katika mtaa wa Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao. Siku mbili baadaye Rais aliomba radhi kwa ukatili uliotendwa.

Sanaa ya mtaa haikukaa kimya, na hapa hesabu inachekesha kidogo. Kibera wasusi walibuni mtindo wa nywele uliosimama kama miiba ya kirusi, wakausuka kwa shilingi 50, sehemu ndogo tu ya bei ya msuko wa kawaida. Mathare vijana walichora ukutani picha za kuonya. Na fundi wa cherehani, ambaye Machi alikuwa akingoja sare za shule ambazo hazingekuja, aligeukia barakoa, au maski kama tulivyoziita.

Mtazame akikata. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu anaikunjua mezani, anaweka kipande cha boksi cha sentimita 20 kwa 25 kuwa kipimo, anachora kwa kipande cha sabuni. Upande mmoja vinaingia vitano, mwingine sita: vipande 30. Anavibandika viwili viwili. Maski 15. Kwa 50 moja ni 750 kwa mita. Siku za mwanzo 50 ililipwa bila kubishana, maana faini ya kutembea bila maski ilikuwa 20,000 au jela miezi sita, na kwa 20,000 ungenunua maski 400. Kisha zikaja za kutupa, za kiwandani. Bei ikashuka hadi 20, hadi 10, na kufikia 2021 mchuuzi wa barabarani alikuwa akikupa kwa 5. Kwa 10, ile mita moja inazaa 150, na hapo fundi hajalipa stima. Wizara ilipoondoa sharti la maski Machi 2022, soko la fundi lilikuwa limekufa zamani.

Nauli nitaipitia haraka kwa kuwa kila mtu anaikumbuka. Matatu ya watu 14 iliambiwa ibebe 8. Safari iliyoingiza 420 kwa abiria 14 wa shilingi 30 sasa ilihitaji kila mmoja wa wale 8 alipe zaidi ya 52, ikawa 50. Ziada ya 20 kwenda, 20 kurudi, siku 26 za kazi: 1,040 kwa mwezi, zaidi ya siku mbili za Kazi Mtaani. Sharti hilo lilidumu hadi tarehe 9 Agosti 2021.

Na watoto. Shule zilifungwa tarehe 16 Machi 2020, na wengi wao hawakurudi hadi 4 Januari 2021, siku 294. Jambo jema lililoangukia Kaloleni katika miaka hiyo ni maktaba yake, moja ya tatu ambazo Book Bunk, shirika lililoanzishwa na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange mwaka 2017, lilikuwa likizikarabati kwa makubaliano na kaunti. Katika mtaa ambao kusoma nyumbani maana yake ni kusoma juu ya kitanda huku mpangaji wa pili akisikiliza redio, meza tulivu ni mali.

Nimeiacha namba iliyouma kuliko zote: 15. Ndiyo idadi ya waombolezaji walioruhusiwa mazishini mwanzoni, kabla ya kupandishwa hadi 100 na baadaye 200. Mtu wa Kaloleni mwenye asili ya Siaya au Kakamega hazikwi na kumi na watano. Matanga mtaani ni wiki nzima ya jioni: turubai, viti vya kukodi, chai, kwaya ya kanisa, spika, daftari la michango. Humo ndimo wanamuziki wengi wa mtaa hupata riziki ya katikati ya wiki, na humo ndimo jeneza na basi la kwenda nyumbani hulipiwa. Tuseme watu 60 wanakuja kila jioni wakitoa 200. Ni 12,000, na kwa siku saba 84,000. Wakiwa 15 ni 3,000 kwa jioni, 21,000 kwa wiki. Pengo ni 63,000, na basi halipunguzi bei kwa sababu ya huzuni. Kwa usiku 92, kuanzia 6 Aprili hadi alfajiri ya 7 Julai 2020, halikutoka hata Nairobi bila kibali.

Michango ikahamia kwenye simu. Daftari likawa kundi la WhatsApp, mweka hazina akawa namba ya M-Pesa. Hapo kuna jambo moja lililofanywa sawasawa, tena mapema: tangu katikati ya Machi 2020 ada ya kutuma shilingi 1,000 au chini iliondolewa. Kutuma 200 kulikuwa kunakugharimu 11. Kwa michango 420 ya wiki moja ya matanga, hizo ni 4,620 zilizobaki kwa wachangiaji badala ya kwenda kwenye mtambo. Haikuhitaji fomu, orodha, chifu wala kujuana. Kwa maoni yangu ndio msaada pekee wa janga uliomfikia kila mtu wa Kaloleni mwenye simu, awe wa nyumba ya mawe au wa mabati.

Uliisha tarehe 31 Desemba 2020. Kesho yake kutuma 200 kukawa shilingi 6. Kafyu ilikuwa bado na usiku 292.