Toni Inayofungua Spika

Redio koli mbili zimewekwa chaneli moja, betri zimejaa, antena ziko sawa. Mlinzi wa ghala anamsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini akijibu, mwenzake hapati hata neno. Watu huanza kulaumu umbali, kuta za zege, au Wachina waliotengeneza redio. Mara nyingi kosa limo ndani ya menyu tu: redio moja inadai toni ambayo ya pili haitoi.

Toni hiyo ni mlio wa chini unaorushwa pamoja na maneno muda wote kitufe kinapobanwa. Katika mfumo uitwao CTCSS, milio hiyo iko kati ya hezi 67.0 na 254.1. Sauti ya msemaji redioni huanzia karibu hezi 300, hivyo kichujio hukata kila kilicho chini ya hapo kabla hakijafika kwenye spika. Msikilizaji haisikii toni; saketi ya kupokea inaisikia. Ikiwa ni ile iliyowekwa, spika hufunguka. Ikiwa siyo, bawabu huyo hafungui mlango, hata kama mtu anapiga mayowe kwenye chaneli ileile.

Mpango huu ulizaliwa kwa sababu ya msongamano. Kampuni kadhaa zikitumia masafa mamoja, kila dereva alilazimika kuvumilia mazungumzo ya wasiomhusu. Motorola ikauza mfumo wake kwa jina la Private Line, General Electric ikauita wake Channel Guard. Vipokezi vya mwanzo vilitambua toni kwa ulimi mdogo wa chuma uliotetema kwa mlio wake mmoja tu. Tatizo ni kwamba msemaji akishaachia kitufe, ulimi uliendelea kutetema kidogo, spika ikabaki wazi na kumwaga mkoromo masikioni. Wahandisi wakabuni ujanja mzuri sana: mwishoni mwa matangazo, mawimbi ya toni yanageuzwa ghafla ili yaukabe ule mtetemo. Ndimi za chuma zimekwisha, ujanja ungalipo.

Toni ya hezi 100.0 iangaliwe kwa jicho kali. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na mvumo wa pawa saplai mbovu huangukia maradufu ya hapo, yaani juu ya toni hiyo hasa. Ni busara kuikwepa.

Ndugu wa kidijitali wa CTCSS ni DCS. Badala ya mlio, hutuma biti 134.4 kwa sekunde, katika mafungu ya biti 23 yaliyojengwa juu ya msimbo ambao Marcel Golay aliuchapisha mwaka 1949. Hata biti tatu za fungu zikiharibika njiani, hesabu inaweza kuzirekebisha. Namba zake, kama 023 au 754, hazina kamwe 8 wala 9, kwa kuwa huandikwa kwa mfumo wa namba wa kizio cha nane.

Maboksi ya redio za familia nchini Marekani hutangaza “misimbo ya faragha” 121: toni 38 na misimbo ya DCS 83. Faragha ipi? Yeyote anayezima toni kwenye redio yake husikia kila kinachosemwa. Toni haifichi maneno wala haiongezi chaneli. Inamziba masikio mwenye kuiweka. Naye, kwa kuwa hasikii kitu, hudhani njia ni nyeupe, anabana kitufe na kumkanyaga mwingine katikati ya sentensi. Ndiyo maana Baofeng UV-5R ina kitufe cha MONI cha kusikiliza chaneli nzima kwanza.

Katika redio hiyo, menyu ya 13 huweka toni inayotumwa, ya 11 huweka inayodaiwa. Ni vyema kuanza na ya 13 kwenye redio zote, na kuiacha ya 11 imezimwa hadi wote wasikilizane. Kwa redio za kampuni tofauti, zilinganishwe hezi, kwani namba ya msimbo inaweza kuwa na maana nyingine kwingine.

Kisha kuna subira. Katika sehemu ya kumi ya sekunde, toni ya hezi 67.0 haijafikisha hata mizunguko saba, na saketi inahitaji mizunguko ya kutosha ili iitambue. Spika huchelewa kidogo kufunguka. Mkuu wa zamu anayebana kitufe na kuropoka papo hapo “Usifungue geti!” anaweza kusikika upande wa pili akisema “…fungue geti!”