Mgonjwa Asiyehesabiwa: Namna ya Kuiuliza Hifadhidata

Katika zahanati za Wilaya ya Sikonge, kusini mwa Tabora, wagonjwa wa nje huandikwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kila mgonjwa ana mstari wake. Umri, kijiji na matokeo ya vipimo vina safu zao. Kitabu huhesabiwa kwa kidole. Habari hizo zikiingizwa katika kompyuta, kazi ya kidole yaweza kufanywa kwa SQL, lugha iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM, Marekani, na kutangazwa mwaka 1974.

Na tutazame mfano wa kubuni. Jedwali liitwalo wagonjwa lina watu 10 wenye homa. Kipimo cha malaria kimeonyesha CHANYA kwa 4 na HASI kwa 4. Wawili hawakupimwa, kwa kuwa vipimo viliisha. Nafasi zao zimeachwa wazi. Amri ifuatayo huhesabu mistari yote:

SELECT COUNT(*) FROM wagonjwa;

Jibu ni 10. Neno WHERE huchuja, kama chekecheke litengavyo unga na chenga:

SELECT COUNT(*) FROM wagonjwa
WHERE matokeo = 'CHANYA';

Jibu ni 4. Sasa mwanafunzi aondoe alama ya = na kuweka <>, maana yake "si sawa na". Atatarajia 6, lakini kompyuta itajibu 4. Wawili wamepotea.

Sababu ni kwamba nafasi iliyo wazi, ambayo SQL huiita NULL, si sifuri wala si HASI. Ni jambo lisilojulikana. Kompyuta haiwezi kusema kama lisilojulikana ni tofauti na CHANYA, na WHERE hupitisha tu yale yaliyo kweli. Wawili hao wana amri yao:

SELECT COUNT(*) FROM wagonjwa
WHERE matokeo IS NULL;

Anayeandika kwamba 6 hawana malaria amewapa wawili afya isiyothibitishwa. Anayeandika 4 na 4 bila neno zaidi amewafuta, na wilaya itadhani vipimo vilitosha.

Zoezi: walimu wawagawie wanafunzi 10 kadi, 2 kati yake zikiwa tupu. Je, COUNT(matokeo) itatoa 10 au 8? Itatoa 8, kwani huruka kadi tupu. Tofauti ya 2 ndiyo habari ya kuandikwa kwanza.