Lenzi Mbili, Kanga Moja: Namna ya Kulinganisha kwa Haki

Walipo wapenzi wa kupiga picha hapakosi ubishi wa lenzi. Huyu katuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya mwanawe, kaipiga kwa lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.2. Yule kajibu kwa picha ya ngalawa, kaipiga kwa lenzi ya bei nafuu ya f/1.8. Basi watu hugawanyika: wengine wanaapa tofauti inaonekana hata kwa kipofu, wengine wanasema hakuna tofauti yoyote, ni majina tu. Usiku unaingia, ubishi haujaisha, na hauwezi kuisha, kwa sababu picha zenyewe hazilinganishiki. Kilichopigwa ni tofauti, nuru ni tofauti, umbali ni tofauti, na juu ya yote hayo programu iliyozibeba imekwisha kuzipunguza.

Tupige hesabu. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ikiwekwa Instagram kwa upana wa pikseli 1080, picha ya kulala hubaki na pikseli 1080 kwa 720, yaani kama asilimia 3 tu ya ulizopiga. Tofauti ndogondogo za ukali kati ya lenzi mbili nzuri zilikuwa ndani ya zile zilizotupwa. Kinachosalia ni mambo mengine: pembe ya kuona, umbali kati ya mpigaji na mpigwaji, ukungu wa nyuma, na jinsi lenzi inavyohimili jua la usoni.

Hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya. Wapenzi wa picha tunatumia muda mwingi kulinganisha ukali, jambo ambalo lenzi za siku hizi zinatofautiana kidogo sana, tukaacha yale yanayoiamua picha. Na hata huo ukali tunaulinganisha kwa njia isiyo ya haki.

Fremu kamili ni nini hasa

Kamera ya fremu kamili ni ile ambayo sensa yake ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kipimo hicho ni kikongwe kuliko kamera za kidijitali. Mwaka 1914 hivi, Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, aliunda kamera ndogo ya majaribio iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Fremu ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Barnack akaipitisha filamu kwa ubavu, akazifanya fremu mbili kuwa moja: 36 kwa 24. Mwaka 1925 kamera ya Leica ikaingia sokoni, na kipimo chake kikawa ndicho kipimo cha dunia. Canon 5D ya mwaka 2005 ilikisogeza kwa watu wasio matajiri sana, Sony ikakitia kwenye kamera isiyo na kioo mwaka 2013, na mwaka 2018 Nikon na Canon nazo zikafuata njia hiyo.

Kwa lenzi, maana yake ni kwamba duara la picha inalolitupa nyuma yake lazima lifikie kipenyo cha milimita 43.3 au zaidi, ndipo pembe zote nne za sensa zipate nuru. Pembe hizo ndizo zinazompa mtengenezaji kazi. Katikati ya picha karibu kila lenzi hufanya vizuri. Pembeni ndipo inapojulikana.

Sensa ndogo ya APS-C, iliyo kwenye kamera nyingi za wanaoanza, ina eneo lisilofika nusu ya lile la fremu kamili. Ukiifunga lenzi ya milimita 50 kwenye kamera hiyo, lenzi inabaki ya milimita 50, ila sensa inachukua kipande cha katikati tu, na mwonekano unafanana na wa lenzi ya milimita 75 kwenye fremu kamili. Kwa hiyo watu wawili wenye lenzi moja na kamera za ukubwa tofauti wakilinganisha picha zao, wanalinganisha kamera. Sharti la kwanza la haki ni kamera moja kwa lenzi zote.

Gramu 160 na gramu 950

Tuzichukue lenzi mbili za Canon za mfumo wa RF, zote za milimita 50. Ya f/1.8 ina uzito wa gramu 160 na vioo 6 ndani. Ya f/1.2 ina gramu 950 na vioo 15. Ya pili ni nzito karibu mara sita, na bei yake imeiacha ya kwanza mbali. Mnunuzi anaongezewa nini?

Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Milimita 50 ukigawanya kwa 1.8 unapata tundu la milimita 28 hivi. Ukigawanya kwa 1.2 unapata milimita 42 hivi. Kwa eneo, tundu hilo la pili linapitisha nuru mara 2.25. Katika ukumbi wa harusi wenye taa hafifu, pale ambapo f/1.8 inakulazimisha kufungua shata kwa 1/60 ya sekunde, f/1.2 inakuruhusu karibu 1/125. Bibi harusi akigeuza shingo ghafla, katika 1/60 anaweza kuacha mkwaruzo kwenye picha. Katika 1/125 kuna matumaini makubwa ya kumpata ametulia.

Uzito unatokana na hapohapo. Miale inayopita karibu na ukingo wa tundu pana hupindwa sana, na kila mpindo mkali huleta kasoro: nukta ya nuru inavimba, rangi zinaachana, pembe zinalegea. Ili kuzisahihisha kasoro hizo, mhandisi anaongeza kioo baada ya kioo. Lenzi ya vioo sita ni ya ukoo wa Planar, muundo alioubuni Paul Rudolph wa Zeiss mwaka 1896, na mpaka leo ukoo huo unatoa picha safi kwa bei ndogo. Vioo vingi navyo vina gharama yake. Uso mmoja wa kioo kitupu kinachogusana na hewa hurudisha kama asilimia 4 ya nuru. Vile vioo 15 vimepangwa katika vikundi 9, maana yake nyuso 18 zinazogusana na hewa. Bila utando wa kuzuia mrudisho, aliouvumbua Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935, isingefika kwenye sensa hata nusu ya nuru iliyoingia. Lenzi nene za leo zimewezekana kwa sababu ya utando huo mwembamba kuliko unywele.

Jambo lingine unalonunua ni wembamba wa kina cha fokasi, yaani eneo la mbele na nyuma linaloonekana kali. Mtu akiwa mita moja na nusu kutoka kwenye kamera ya fremu kamili, lenzi ya milimita 50 kwa f/1.2 inakupa kina cha sentimita 6 hivi. Kwa f/1.8 ni kama sentimita 10, na kwa f/4 inazidi 20. Jicho likiwa kali kwa f/1.2, sikio limekwisha kuingia ukunguni. Kwa picha ya mtu mmoja huo ni uzuri. Kwa bwana na bibi harusi, mmoja akiwa amesimama nyuma ya mwenzake kwa kiganja kimoja, ni hasara, na mpigaji itambidi afunge tundu hadi f/4. Akishafika hapo, sehemu kubwa ya fedha aliyolipia tundu pana imelala.

Ukiendelea kufunga hadi f/5.6 au f/8, lenzi hizi mbili hukaribiana mno kwa ukali. Ukifika f/16, kutawanyika kwa nuru kwenye ukingo wa tundu dogo huonekana wazi, na lenzi zote hulegea, ya bei kubwa na ya bei ndogo kwa kiasi kilekile.

Jaribio la kanga

Anayetaka kujua ukali wa lenzi yake hana haja ya maabara. Mwambie mama au dada akuazime kanga. Kitambaa hiki kina kila kinachotakiwa: pindo lenye nakshi zinazojirudia pande zote, rangi zinazopingana vikali, na jina lenye herufi zenye kingo kali. Nakshi ya pindo la kulia ni ileile ya kushoto, hivyo pembe za picha zinaweza kulinganishwa zenyewe kwa zenyewe.

Ipige pasi, kisha ibandike ukutani upande wa kivuli, mchana, ukiivuta pande zote isiwe na mkunjo. Kitambaa kikijaa upepo, pembe zitafifia na lenzi itasingiziwa. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, katikati ya kanga kwa kimo na kwa upana. Ili kuhakikisha kamera inautazama ukuta sawasawa, bandika kioo kidogo cha kujitazamia katikati ya kanga: ukiliona tundu la lenzi yako mwenyewe katikati kabisa ya fremu, umenyoosha. Kiondoe, endelea.

Kwa lenzi ya milimita 50, kanga ya upana wa mita moja na nusu itaijaza fremu ukiwa umbali wa mita 2.1 hivi, kwa milimita 85 rudi nyuma hadi mita 3.6. Juu na chini kanga itakatika kidogo, si neno, pindo bado limo katika pembe zote. Tumia ISO 100, faili ghafi, na kipima saa cha sekunde 2 ili mkono usiitikise kamera. Utulizaji wa mtikisiko uzime. Weka fokasi upya kabla ya kila picha, piga tatu kwa kila tundu, uchague iliyo bora, maana fokasi ya kamera huteleza kidogo kila mara. Anza na tundu pana kabisa, halafu f/2.8, f/5.6 na f/11. Kisha badilisha lenzi, usiguse kingine.

Kwenye kompyuta, zitazame picha kwa ukubwa wake kamili, ubavu kwa ubavu. Anza na ukingo wa herufi za jina, kisha nenda kwenye pembe. Pembe zote nne zikilegea kwa kiasi kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi. Pembe moja ikilegea na nyingine tatu zikawa kali, huenda kuna kioo kilichohama mahali pake ndani. Rudia jaribio, na ikitokea tena, hiyo ni kasoro ya lenzi uliyonayo mkononi, haimaanishi kwamba zote za aina hiyo ziko hivyo. Angalia pia pale rangi nyeusi inapokutana na nyeupe, kama kuna mstari wa zambarau au kijani. Mwisho, rudisha fokasi kwenye pembe yenyewe upige tena: ikiwa sasa pembe ni kali, lenzi ina uwanja wa fokasi uliopinda, na kwa picha za watu hilo halina madhara.

Kanga haisemi yote

Ukuta ni bapa, na maisha hayako hivyo. Kwa hiyo toka nje. Piga saa kumi na moja jioni, jua likiwa ndani ya fremu au pembeni kidogo, uone kama picha inabaki na weusi wake au inapauka kama iliyofunikwa na vumbi. Piga mtu mbele ya taa za mbali usiku, utazame kama zimekuwa miduara laini au zina kingo kali zinazovuta jicho. Mfuate mtoto anayekimbia, uone kama fokasi inamkamata. Tembea na lenzi shingoni mchana kutwa.

Jaribu na hili linalobishaniwa kila siku: eti lenzi pana huvimbisha pua. Simama mahali pamoja, mpige mtu kwa milimita 35, kisha kwa milimita 85. Ikate ile ya kwanza hadi uso uwe na ukubwa uleule wa ya pili. Pua itakuwa ileile. Uso hubadilishwa na umbali wako. Lenzi pana inakushawishi tu usogee karibu. Aliyelielewa hili huchagua kwanza mahali pa kusimama, ndipo akachagua lenzi.

Kwa wanaonunua zilizotumika, hasa pwani yetu ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, usinunue mbuzi kwenye gunia. Unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo. Fungua tundu lote, mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, utazame kwa mbele ukiiinamisha huku na huku. Nyuzi nyembamba zilizotanda kama mizizi ni kuvu, na hukwangua utando ule ulioelezwa hapo juu. Vumbi kidogo halina neno. Na uliyonayo tayari, ihifadhi kwenye chombo kinachoziba vizuri pamoja na pakiti za silika.

Basi tunapooneshana picha, tuziambatanishe na maelezo: kamera gani, urefu wa fokasi, tundu, kasi ya shata, na ulisimama umbali gani. Hapo mwenzako atajifunza kitu. Na anayetaka kushauriwa anunue lenzi gani, asiulize ipi ni bora. Alete picha iliyomshinda. Kama ilitikisika gizani, anahitaji tundu pana zaidi. Kama ndege ni nukta ndogo juu ya mti, anahitaji urefu wa fokasi. Kama uso umevimba, arudi nyuma hatua mbili, na fedha yake aiweke.