Kiberiti Si Hakimu

Achomaye nyumba ya jirani hateketezi paa tu. Katika Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizotenganishwa mwaka 2012, nyumba husimama katikati ya migomba na mibuni. Moto wa kiangazi hula riziki ya miaka mingi.

Wachomaji wengi si wendawazimu. Ni ugomvi wa mpaka wa kibanja, urithi, wivu, ama mtoto amekufa na bibi kizee akaitwa mchawi. Mwenye hasira huona kiberiti ni hakimu mwepesi, maana hakidai ushahidi.

Kifungu cha 319 cha Kanuni ya Adhabu chatoa hata kifungo cha maisha. Lakini kitamtishaje ajuaye kwamba waliomwona ni ndugu zake? Baraza la kijiji na lipime mpaka mapema, kabla ya kiangazi.