Maji Yaliyofichwa Chini ya Mlima

Upande wa magharibi wa nchi ya Marekani iko milima mirefu iitwayo Rocky. Wakati wa baridi theluji huanguka huko, na mahali pengine hulundikana kupita kimo cha mtu. Jua la Aprili na Mei likipata nguvu, theluji huyeyuka na mito hufurika. Mto mkubwa wa huko ni Colorado. Watu wapatao milioni 40 hutumia maji yake.

Wengi walidhani kwamba maji ya furiko lile ni theluji ya mwaka ule ule, iliyoteremka moja kwa moja mpaka mtoni. Kumbe sivyo. Maji yana umri, nao hupimika. Katika mvua na theluji mna kitu kidogo sana kiitwacho tritiamu, ambacho hufanyika juu angani. Maji yakiisha kuzama ardhini hayapati tritiamu mpya, na ile ya kwanza hupungua. Baada ya miaka 12 hivi hubaki nusu. Basi, kwa kupima iliyobaki, wataalamu hujua maji yamekaa chini muda gani. Mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah walitangaza habari za mabonde 42 ya milimani: zaidi ya nusu ya maji ya furiko yalikuwa yamekaa ardhini miaka kadhaa.

Yawezekanaje? Fikirini chumba kilichojaa watu. Mmoja akiingia kwa mlango wa nyuma, atokaye kwa mlango wa mbele si yeye, bali ni yule aliyetangulia. Ndivyo theluji iyeyukayo inavyozama katika udongo na nyufa za mawe, ikayasukuma nje maji ya zamani. Lakini chumba kikiwa kitupu, wageni huingia wasitoke.

Hapo ndipo penye hatari. Dunia ikizidi kupata joto, ardhi hukauka. Kiangazi cha mwaka 2020 kilikuwa kikali. Mwaka 2021 theluji haikuwa haba sana, lakini maji yaliyoingia katika ziwa Powell hayakutimia nusu ya kawaida, maana ardhi kavu ilikuwa imeyanywa kwanza. Mwezi wa Agosti serikali ilitangaza upungufu wa maji ya Colorado, mara ya kwanza kabisa, na wakulima wa Arizona wakapunguziwa maji ya mashamba yao.

Kwa hiyo kupima theluji peke yake hakutoshi. Yapasa kuyapima na maji yaliyo chini. Atakaye kujua kama chakula kitatosha, hutazama shamba, kisha hufungua na ghala.