Geuza uone mhuri: vizibo vya fedha vya Denmark na somo lake kwetu

Katika lugha yetu, fedha ni madini na fedha ni pesa. Wazee walikuwa na sababu ya kuviita vitu viwili kwa jina moja, kwani kwa miaka mingi riale ya fedha ndiyo iliyonunua nguo, mchele na pembe katika bandari zetu. Mazoea hayo yamebaki. Mtu wa Pwani akishika kitu cha fedha, jambo la kwanza atakalo kujua ni uzito. Hukipeleka kwa sonara, kikatiwa kwenye mizani, gramu zikatajwa na bei ikatoka.

Wako watu wasiohesabu hivyo. Wao hukigeuza kitu kwanza wakatafuta kilichogongwa chini yake. Leo nataka tuwatazame watu wa namna hiyo, wale wanaokusanya vizibo vya chupa na vyombo vya mvinyo vya fedha vilivyofuliwa Denmark karne iliyopita. Najua msomaji atauliza mvinyo umeingiaje katika safu hii. Subira, swali hilo nitalijibu kabla ya kumaliza.

Vitu vyenyewe

Kizibo cha namna hii kina sehemu mbili. Juu kuna kichwa cha fedha, na chini yake limeshikizwa gome laini na jepesi, lile linalotolewa kwenye mti unaomea khasa Ureno na Uhispania. Kichwa hicho huweza kuwa na umbo la tunda, kichala cha zabibu au ua lililofumba. Gome hukauka likapasuka, na mwenye kizibo akaweka jingine. Wakusanyaji hawana ugomvi sana na hilo, maana thamani iko kichwani.

Kizibo huwa na ndugu zake: vizibuo vya kuvutia vizibo, vifungulio vyenye mpini wa fedha na mdomo wa chuma, visahani vya kuwekea chupa isichafue meza, majagi, na vyombo vyenye kifuniko vya kutikisia vinywaji vilivyochanganywa. Hivi vya mwisho vilipata umaarufu mkubwa katika miaka ya 1920 na 1930.

Aliyeipa jina fedha ya Denmark

Jina linalotafutwa zaidi ni Georg Jensen. Alizaliwa mwaka 1866 huko Raadvad, kaskazini ya mji wa Copenhagen. Alijifunza usonara tangu ujanani, kisha akasomea uchongaji katika chuo cha sanaa cha kifalme, na mwaka 1904 akafungua karakana yake ndogo Copenhagen, mtaa wa Bredgade. Kazi yake ilijaa majani, matunda na maua, na alama za nyundo aliziacha zionekane ili mtazamaji ajue kuwa mkono wa mtu umepita hapo. Mwaka 1915, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, tajiri wa magazeti wa Marekani, William Randolph Hearst, alinunua karibu vyombo vyote alivyopeleka. Mwaka 1924 duka la kuuza vyombo hivyo likafunguliwa New York.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Jensen hakuwameza wenzake. Wasanii waliomchorea walitajwa kwa majina yao. Johan Rohde, aliyekuwa mchoraji wa picha, ndiye aliyebuni mwaka 1915 nakshi ya tunda la mwaloni, ambayo mpaka leo ni katika zinazojulikana zaidi. Harald Nielsen, shemeji yake Jensen, alileta mwaka 1926 nakshi ya piramidi yenye mistari iliyonyooka. Gundorph Albertus alibuni nakshi ya dungusi kakati mwaka 1930. Sigvard Bernadotte, mwana wa mfalme wa Sweden, alileta vyombo vyenye mifereji myembamba isiyo na ua wala jani. Jensen alifariki mwaka 1935, kazi ikaendelea. Baada ya vita vya pili akaja Henning Koppel, Myahudi wa Denmark aliyekuwa amekimbilia Sweden kuwahepa Wanazi. Jagi lake la mwaka 1952 Wadenmark wenyewe walilipa jina la utani: bata mwenye mimba. Ukiliona, hutauliza kwa nini.

Wala Jensen hakuwa peke yake. A. Michelsen alikuwapo Copenhagen tangu 1841, Cohr alikuwa Fredericia, na Hans Hansen alifungua karakana Kolding mwaka 1906. Mkusanyaji mwenye mfuko mdogo mara nyingi huanzia kwa hawa.

Jinsi ya kusoma mhuri

Hapa ndipo penye elimu yenyewe. Ukigeuza kipande cha fedha cha Denmark, unaweza kukuta alama kadhaa, na kila moja ina habari yake.

Ya kwanza ni namba ya usafi. 925 maana yake katika sehemu 1,000 za madini, 925 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba, kwani fedha tupu ni laini mno kwa kazi ya chombo. Vipande vilivyolengwa wanunuzi wa Uingereza na Marekani huwa vimegongwa pia neno STERLING, lenye maana hiyo hiyo, pamoja na DENMARK. Vipande vya zamani zaidi huwa na 826 au 830. Hiyo pia ni fedha halisi ila shaba yake imezidi kidogo.

Ya pili ni minara mitatu, iliyochukuliwa kwenye nembo ya mji wa Copenhagen. Ilikuwa ikigongwa kuthibitisha kuwa fedha imepimwa, na chini ya minara huwa na tarakimu mbili za mwaka. Minara yenye 28 ni mwaka 1928. Karibu yake huwa na herufi za mpimaji: CFH ni Christian F. Heise, aliyepima kuanzia 1904 hadi 1932, na JS ni Johannes Siggaard, aliyemfuata hadi 1960. Si kila kipande kina minara, khasa vile vilivyouzwa nje, kwa hivyo kukosekana kwake peke yake si dalili ya ughushi.

Ya tatu ni jina la karakana. Jina la Georg Jensen ndani ya duara la yai lililozungushwa vitone ndilo lililotumika tangu 1945. Vya kabla ya hapo vina mihuri tofauti, mingi ikiwa na herufi za mwanzo tu. Ya nne ni namba ya mchoro, ambayo humwambia mjuzi ni nani aliyekibuni. Ukikuta jina la Jensen limeandamana na neno USA, jua kipande hicho kilitengenezwa Marekani wakati wa vita, duka la New York lilipokatikiwa na bidhaa za Copenhagen. Wakusanyaji hukiweka fungu lake mbali.

Sasa tazama hesabu. Tuseme kizibo kina fedha ya 925 yenye uzito wa gramu 30, ambazo hazijafika wakia moja ya sonara, yaani gramu 31.1. Kwa mizani, mwenye nacho ana gramu 27 na ushei za fedha safi, basi. Mkusanyaji aliyesoma mhuri na kuliona jina la karakana na la mbunifu atalipa mara kadhaa ya hapo. Madini ni yale yale na uzito haukubadilika. Kilichoongeza bei ni kujulikana nani alifanya, wapi na lini.

Mitego na utunzaji

Si kila king'aacho ni fedha. Vyombo vilivyochovywa fedha juu ya madini mengine ni vingi, na dalili yake ni kutokuwa na namba ya usafi, au kuonyesha rangi ya manjano pale palipolika. Ukikuta herufi EPNS, hiyo ni fedha ya kuchovywa. Sumaku hainasi fedha, lakini kumbuka kuwa kifungulio kina chuma ndani, kwa hivyo uzito wake wote usiuhesabu kuwa ni fedha. Na mhuri uliofutika kwa kusuguliwa miaka mingi hushusha bei, kwani ushahidi umekwenda.

Fedha huingia weusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani, na hata ile iliyo kwenye mayai na mipira ya kufungia. Hewa yetu ya chumvi nayo haina huruma. Tumia maji vuguvugu, sabuni nyepesi na kitambaa laini, kisha ukaushe papo hapo. Kizibo chenye gome usikiloweke. Usitumie dawa kali za kuchovya, kwani weusi ulio ndani ya nakshi mara nyingi uliwekwa na fundi kwa makusudi ili mchoro uonekane. Ukiuondoa, umeondoa sehemu ya kazi yake.

Na sisi Waislamu?

Sasa lile swali. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hivyo hata jagi la Koppel likitiwa maji ya mtungi, katazo liko pale pale. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyopewa nguvu na Imam Nawawi ni kwamba hata kukiweka tu chombo cha fedha bila kukitumia haifai. Na mvinyo wenyewe hukumu yake haihitaji safu ya gazeti. Mwenye kutaka kufanya biashara ya vitu hivi amuulize kwanza mwanachuoni anayemwamini, maana kusaidiana katika dhambi nako kumekatazwa.

Lakini kujua si kutumia, na ujuzi huu una kazi kwetu. Malindi, Watamu, Kilifi na Diani wameishi Wazungu miaka na miaka. Wanazeeka, wanahama, wanafariki, na nyumba zinafunguliwa kuuzwa vilivyomo. Wanaofungasha masanduku ni vijana wetu na mama zetu. Mtunza nyumba akipewa kiboksi cha vikorokoro vyeusi, akakipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, huenda ameuza kwa bei ya chakula cha siku moja kitu cha karo ya muhula. Na upande wa pili, mnunuzi aliyeusoma mhuri akanyamaza mbele ya mjane asiyejua, ajiulize mbele ya Mola wake ameuziana vipi. Ujuzi una amana yake. Vilevile, ukikikuta kitu katika nyumba ya mwajiri, mhuri wowote kiwe nacho, si chako mpaka akupe.

Fedha yetu isiyo na jina

Linaloniuma zaidi liko katika makabati yetu wenyewe. Tuna mirashi ya kunyunyizia marashi harusini, vyetezo, vikuku, mikufu na vipuli, vingine vya mafundi wa Lamu na Mombasa, vingine vilivyovuka kutoka Oman na Bara Hindi. Kazi yake haina aibu ikiwekwa kando ya ya Copenhagen. Lakini mara nyingi haina mhuri. Aliyeifua hakuandika jina wala mwaka, na bibi aliyejua habari zake amekwenda nazo kaburini. Mjukuu akibanwa na shida huipeleka dukani, ikapimwa, ikayeyushwa. Imekufa kwa gramu, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema ni ya nani.

Dawa yake haina gharama kubwa. Ukimpa sonara kazi mpya, mwambie agonge jina lake na mwaka mahali pasipoonekana. Kwa vya zamani, keti na wazee wangali hai, uliza kilitoka kwa nani, kilivaliwa harusi gani, fundi alikuwa nani. Andika kwenye karatasi, piga picha, viweke pamoja na kitu chenyewe. Na kama ni fedha ya akiba, usisahau hesabu ya zaka: nisabu yake ni dirhamu 200, zinazokadiriwa kuwa gramu 595, na chombo kilichokatazwa kutumiwa nacho huhesabiwa.

Wadenmark hawakuwa na fedha bora kuliko ya wengine. Walikuwa na tabia ya kuandika nani kafanya nini, wakaishika kizazi baada ya kizazi. Tabia hiyo mafundi wetu wanaweza kuianza wiki hii, kwa nyundo moja na mhuri mmoja.