Nani Anasoma Mizani?

Wajukuu zangu, yale mashamba ya pamba mnayoyapita mkienda shule hapa Bariadi yana habari ndefu, na habari yenyewe inaanzia Ulaya.

Zamani Wasukuma walikuwa na watemi wao, ng'ombe wao, mtama na uwele wao. Tarehe 1 Julai 1890, Wajerumani na Waingereza walitia saini mkataba wa kugawana nchi za watu. Mwingereza alilitaka Ziwa Victoria upande wa kaskazini, maana huko ndiko Nile inakotokea, na Nile ndiyo uhai wa Misri. Mjerumani akachukua kusini, sisi tukiwa humo, na juu yake akapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Hakuna mtemi aliyeulizwa. Ule ulikuwa wizi.

Vita Kuu ya Kwanza ikamng'oa Mjerumani, akaja Mwingereza. Viwanda vya Lancashire vilitaka pamba. Serikali ikadai kodi ya fedha taslimu, ikawatumia watemi kuikusanya, na asiye na cha kuuza alipata taabu. Pamba ikaenea Usukumani.

Sasa itazameni mizani ya mnunuzi wa siku hizo. Mama ameichuma ile pamba siku nyingi, vidole vimechomwa na maganda makavu. Anautua mzigo. Mnunuzi anausoma mshale peke yake, kisha anataja ratili anazotaka yeye. Mama hajui kusoma. Anapokea senti anazopewa na kurudi nyumbani.

Baada ya 1947 zikaongezwa amri: punguza mifugo, lima matuta hivi, ukikaidi utatozwa faini. Mwambie Msukuma apunguze ng'ombe, mtaelewana kweli?

Wakulima wakaanza kuipima pamba wenyewe kabla ya kuiuza. Wakaunda vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa mbele yao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho moja. Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza, na serikali ikalegeza amri zake. Miaka mitatu baadaye tukapata uhuru, Bomani akiwa waziri.

Leo mkoa wetu wa Simiyu unategemewa kwa pamba nchini, lakini sehemu kubwa ya nyuzi za Tanzania bado inauzwa nje kabla haijawa kitambaa. Msimu ukifunguliwa, nendeni na wazazi wenu kituoni, mkasome mizani kwa macho yenu.